Aya Moja ya Maalim

Mudiri alipoleta vishikwambi shuleni, alimwendea kwanza maalim wa tajwidi, kanuni za kusoma Kurani. Alimwomba arekodi sura moja baada ya nyingine, ili wanafunzi wa bweni wamsikilize hata akiwa nyumbani kwake.

"Mimi si redio," maalim alijibu, mazungumzo yakaishia hapo.

Kazi akapewa mwalimu kijana, aliyekuwa mwanafunzi wake mwenyewe.

Haukupita muda, bweni zima likawa linasoma kwa sauti ya yule kijana. Walivuta herufi kama yeye, hata kukohoa kabla ya kuanza walikohoa kama yeye. Rekodi zikasambaa kwenye simu za wazazi, salamu za shukrani zikamiminika. Maalim alichekea menoni tu, kijicho kikimla ndani kwa ndani. Siku alipomkuta mkewe anakunja nguo huku simu ikisoma kwa sauti ile ile, alikisogeza chakula kando.

"Ana sauti tamu, mashallah," mkewe alisema.

"Tamu ndiyo. Na sheria za usomaji je?"

Tangu hapo akaanza kumwinda. Alishinda na simu sikioni, hatafuti thawabu, anatafuta kosa. Mwishowe akalipata: ghunna moja, ule mvumo wa puani, ilikatwa mapema. Alifurahi hadi akajionea haya, lakini haya hazikumzuia kulitangaza mbele ya walimu wote.

Kijana akasikiliza tena. "Kweli, maalim, nimeteleza. Allah akulipe." Akamsogezea kipaza sauti cha kurekodia. "Hiyo aya tusomee wewe."

Maalim alitafuta kejeli kwenye uso ule, akaikosa. Hilo lilimuuma kuliko yote. Akasoma.

Jioni mkewe alishtuka katikati ya sura. "Eh! Huyu si wewe, baba watoto?" Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. "Sasa mbona hukusoma yote?"

Asubuhi maalim alimfuata mudiri ofisini, akajikunakuna ndevu, kisha akauliza kama zipo sura ambazo kijana hajazifikia.

"Zimebaki zile fupi, za wanaoanza."

"Basi nipe hizo," alisema, akichungulia mlangoni. "Ila yeye usimwambie nimeomba mwenyewe."