Tochi Saba za Mzee Spoki

Mzee Spoki alikuwa na tochi saba, na hakuna hata moja aliyoinunua kwa kupenda. Wakubwa wa umeme ndio waliomnunulisha. Hivyo ndivyo alivyosema, na aliyembishia alivutiwa kiti akae, aelezwe upya tangu mwanzo.

Moja ilining'inia msumarini kando ya mlango wa sebule. Moja ilikaa chini ya mto, moja chooni, moja jikoni juu ya kabati la vyombo, na tatu alizipanga koridoni, ili mtu asipige hatua nne bila kukutana na tochi. Zote alizitunza kwa namna moja. Tochi ya betri mbili, ile ya nyuma aliigeuza, kichwa kikaangalia kifuniko. Betri ikikaa hivyo, tochi hata iguswe swichi kwa bahati mbaya haiwaki, na moto wake hauishi bure. Umeme ukikatika unafungua kifuniko, unageuza betri, unawasha. Miaka arobaini ya kutengeneza baiskeli ilivizoesha vidole vyake kufanya kazi bila kumsumbua mwenyewe.

Mkewe alianguka kwenye ngazi za jikoni jioni moja umeme ulipokatika bila taarifa. Akavunjika nyonga, akalazwa, hakurudi. Mzee Spoki akatafuta mtu wa kumwandikia barua kwa wakubwa. Walijibu baada ya miezi minne, wakamshukuru kwa kuwa mteja mwaminifu.

Sasa binti yake, mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi, alikuwa amemshikia bango ahamie kwake.

"Baba, nyumba ina ngazi, ina giza, na uko peke yako."

"Ngazi ni mbili. Giza ni la wakubwa. Mimi hapo nimekosa nini?"

Wakabishana kwa simu wiki tatu nzima, mpaka binti akafanya kama afanyavyo kazini: akatunga mtihani. Ratiba ya mgao wa umeme ilikuwa imebandikwa kila ukuta: Jumanne, saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne. Angekuja. Umeme ukikatika, baba ainuke kitini sebuleni, aende mpaka bomba la uani, ajaze kikombe maji, arudi akae. Akijikwaa hata mara moja, Jumamosi anahama. Asipojikwaa, habari za kuhama zimekwisha.

"Anayesahihisha nani?"

"Mimi."

"Na aliyetunga?"

"Mimi, baba."

"Umeshakuwa mkubwa na wewe."

Mzee Spoki aliacha shule darasa la pili. Jumanne ile alinyoa ndevu.

Binti alifika saa kumi na moja na daftari na kalamu. Wakafunga madirisha, wakakaa. Saa kumi na mbili ikafika, taa inawaka. Kumi na mbili na nusu, taa inawaka, tena kwa nguvu kuliko siku zote. Redio ikatangaza bei ya saruji.

"Labda wameahirisha," binti akasema.

"Miaka yote nawaomba wasikate, wanakata. Leo siku moja nawataka wakate, wamekuwa watu wema."

Saa moja kasorobo giza lilishatanda nje. Binti akaangalia saa. "Mimi nina ruhusa ya leo tu. Kesho nina wakaguzi."

"Basi nakata mwenyewe. Angalau leo umeme utakatwa na mtu mwenye adabu. Mteja wangu mwaminifu, nakutaarifu: nakata."

Akaenda kwenye boksi la umeme mlangoni, akashusha swichi kubwa. Redio ikanyamaza katikati ya neno. Akarudi akakaa, kwa sababu mtihani ulianzia kitini.

"Anza," binti akasema.

Akainuka, akanyoosha mkono, tochi ya msumarini hii hapa. Akafungua, akageuza betri, akafunga, akawasha. Giza.

"Globu," akasema, akairudisha.

Koridoni akachukua ya pili. Akafungua, akageuza, akafunga. Giza. Ya tatu, giza. Ya nne akaitikisa kwanza, ikabaki vilevile.

"Betri feki," akasema. "Nani anaziruhusu ziingie? Haohao."

Nyuma yake kukasikika kishindo cha kigoda, na mwalimu mkuu msaidizi akatamka neno ambalo shuleni kwake mtoto angeadhibiwa kwalo.

"Nani amejikwaa?"

"Endelea na mtihani, baba."

Ya chumbani, giza. Ya chooni, giza. Ya jikoni aliigeuzia betri polepole, maana ndiyo ilikuwa ya mwisho, akabonyeza, akangoja kidogo kama mtu aliyebisha hodi. Kisha akaiweka juu ya kabati na kuchukua kikombe.

Kwenye mlango wa jikoni wa kutokea uani, juu ya ngazi zile alizoanguka mkewe, akasimama. Alisimama kitambo, na binti hakumhimiza. Halafu akashuka, moja, mbili, akatembea hatua tisa, akafungua bomba. Alijaza kwa kusikiliza, maji yanapopanda kikombe sauti inakuwa nyembamba, akafunga. Aliporudi, binti alikuwa ameketi kwenye ngazi, ameshika kifundo cha mguu.

"Usiinuke. Umeumia?"

"Kidogo. Baba, nikwambie kitu. Mwezi uliopita nilipokuja kufanya usafi, nilikuta betri umeziweka kinyume. Nikazirekebisha."

"Ngapi?"

"Zote saba."

Mzee Spoki akabaki na kikombe mkononi. Akazihesabu tena kichwani tochi zake moja moja, alivyozifungua, alivyozigeuza.

"Kwa hiyo zilikuwa sawa, nikaziharibu mimi."

"Nilidhani akili imeanza kukupotea. Mtu mmoja, tochi saba, zote kinyume! Nililia njia nzima. Ndiyo maana nikakwambia uhame."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa utakavyojibu."

Akapita pembeni yake, akaenda sebuleni bila kugusa ukuta, akaweka kikombe mezani na kukaa kitini, kwa sababu mtihani uliishia kitini. Ndipo akainuka tena, akapandisha swichi kubwa. Kimya. Akaishusha, akaipandisha. Akachungulia nje: mtaa mzima giza.

"Wamekata!" akapaza sauti. "Saa nzima wamechelewa, na hata mtihani hawakuuwahi!"

Akageuza betri ya tochi ya msumarini, ikawaka, nyeupe kama mpya. Akarudi jikoni kumulika mguu wa binti. Ulikuwa umevimba, si wa kutisha.

"Andika matokeo kwanza," akasema. "Mguu utasubiri."

Binti akafungua daftari juu ya goti, baba akammulikia. Akaandika mstari mmoja.

"Nisomee."

"Hakujikwaa. Anabaki kwake."

"Weka sahihi."

Akaweka. Mzee Spoki akainamia karatasi, akaimulika juu mpaka chini kama anayetafuta pancha.

"Mbona haina muhuri? Karatasi isiyo na muhuri wakubwa wanaikana asubuhi."

"Muhuri uko shuleni, baba."

"Basi ulete Jumamosi," akasema. "Nitakuwepo."