Katuni Kabla ya Rangi

Hasna alipomuuliza mama yake watarudi kwao lini, Fatu alidhani mtoto anauliza habari za Butiama, kwa bibi yake mzaa baba. Akaanza kutafuta uongo wa haraka: miguu ya bibi inauma, barabara ina vumbi, baba hajapata nafasi. Lakini Hasna alitikisa kichwa, akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni, juu ya uso wa msichana wa katuni mweupe pee, mwenye nywele za njano, aliyekuwa akiimba na farasi wake.

"Sio kwa bibi, mama. Kwetu. Huku."

Fatu aliacha kukanyaga cherehani. Sare za nusu ya watoto wa shule wa Bunda zimepita mikononi mwake, ila siku hiyo aliacha mshono katikati. Na tuseme kweli, kosa la mtoto lilikuwa wapi? Hasna alizaliwa na ualbino. Ngozi yake nyeupe, nywele zake njano, macho yake hayaoni mbali, ndiyo maana aliangalia televisheni pua ikigusa kioo. Mtaani kwao hakuna aliyefanana naye. Nyumbani hakuna. Ndani ya kile kioo walikuwepo wengi, tena wanapendwa, wanaimbiwa, wana majumba. Mtoto wa miaka sita alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe na jibu lilikuwa limetoka sawasawa.

Kilichomchoma Fatu zaidi ni kwamba hakuwa na mahali pengine pa kumwonyesha. Mumewe, Jabiri, kwao ni Butiama, kwa mama yake, Bi Tausi. Huyo Bi Tausi alikuja Bunda mara moja tu, Hasna alipozaliwa. Alifunua kitenge, akatazama, akafunika. "Kwetu hatuna huyu," alisema, akaomba mkoba wake akaondoka. Hakurudi tena. Akipiga simu anauliza hali ya Jabiri, ya Fatu, hata ya mbuzi, lakini mjukuu hamtaji. Fatu alikuwa ameapa moyoni kwamba mtoto wake hatakua akijiona mgeni, ila namna ya kulitimiza hilo hakuijua.

Kwa hiyo Mwalimu Agness wa chekechea alipoitisha kikao cha wazazi kuhusu katuni, Fatu alifunga kazi mapema akaenda kukaa mbele. Shida yenyewe kila mtu alikuwa anaijua. Wasichana walikuwa wakifunga masweta kichwani ili yaning'inie mgongoni yawe nywele ndefu, na mchezo wa binti mfalme ulikuwa umegeuka vita, kwa sababu mtoto mmoja aliambiwa na wenzake kwamba kwa weusi wake hawezi kuwa binti mfalme, labda awe farasi.

"Jamani, katuni ni katuni tu," alisema Abednego, muuza vipuri vya pikipiki, mtu wa kuongea hata asipoulizwa. "Wangu wanaangaliaga paka anaongea kutwa nzima. Mbona hawajageuka paka?"

Watu walicheka. Mzazi mmoja akasema watengenezaji wa siku hizi nao wamezidi, wanajaza watoto wa kila aina, mara mweusi, mara mwenye miwani, hadithi yenyewe hakuna. Mwingine akamjia juu: mwanawe ana miwani, na siku alipomwona mwenzake kwenye katuni alilala nayo usoni. Kelele zikapanda. Fatu akasimama.

"Wangu anadhani kwao ni humo ndani ya tivii," alisema. "Ananiuliza tunarudi lini. Nijibieni nyie, nimwambie nini?"

Hata Abednego aliinamia simu yake. Ikakubaliwa zitafutwe katuni za kwetu, na Mwalimu Agness akasema yupo kijana Musoma, anaitwa Mugeta, anazichora mwenyewe.

Fatu alimwandaa Hasna wiki nzima. "Utawaona watoto wa kwetu," alimwambia kila alipomsuka. "Wenzako kabisa." Siku ya kuonyeshwa katuni za Mugeta, watoto walipangwa kwenye mikeka ya chekechea, mapazia yakashushwa, na ukutani yakatokea mawe. Mawe ya Musoma, yale makubwa yaliyobebana kando ya ziwa, na mtoto mwenye sweta la chekechea lililotoboka kiwiko akiyakimbilia. Mtoto mmoja mkekani akapiga kelele, "Hilo sweta langu!" na chumba kizima kikalipuka. Watoto wa ukutani walikuwa wakiongea kama wao, wakigombania kichwa cha sato kama wao. Alikuwepo mnene, alikuwepo wa magongo, alikuwepo mwenye makovu ya tetekuwanga. Fatu, mtu mzima, alijikuta ameziba mdomo kwa mkono. Hakujua kwamba kitu kidogo hivyo, sweta bovu ukutani, kinaweza kumtoa mtu machozi.

Hasna alikuwa amesimama. Alisogea mpaka ukutani, mwanga wa projekta ukimpiga mgongoni, akawatazama wale watoto mmoja mmoja kwa karibu. Wenzake walimpigia kelele akae. Alipomaliza alirudi kwa mama yake, wala hakulia.

"Wote wapo," alisema. "Mimi sipo."

Fatu aliona aibu. Kule mtoto alikojiona ana watu, yeye ndiye aliyemtoa, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya kikao. Na huku alikomleta hapakuwa na nafasi yake.

Jumamosi alimpaka Hasna mafuta ya kuzuia jua, akamvika kofia pana, wakapanda basi la Musoma. Mugeta walimkuta mtaa wa Iringo, kwenye chumba nyuma ya duka la kutoa fotokopi: kijana mwembamba, mpole, anachora kwenye kishikwambi kwa kalamu isiyo na wino. Fatu alikuwa akijipanga kumfokea tangu basi lilipopita Kiabakari. Alimfokea. Mugeta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mchoro mmoja akamgeuzia.

Alikuwa msichana mweupe, nywele za njano, sweta la chekechea.

"Huyu mzungu," Fatu alisema papo hapo.

"Si unaona, mama? Nimemchora sana huyu. Kila nikimwonyesha mtu anasema hivyo hivyo. Nikimpaka rangi tu, anahama. Ndio nikamwacha."

Na neno lenyewe Fatu alikuwa amelitamka yeye, mama mzazi.

Hasna alikuwa ameshachoshwa na watu wazima, ametoka uani. Mugeta alimtazama kupitia mlango. "Ngoja nimchore mistari tu," alisema. "Rangi huwa tunawekaga mwisho." Alimrekodi kwa simu akizurura, akifuata kivuli cha ukuta, akienda kuchungulia ndoo, akirudi. Kisha akakaa akaanza kumchora kwa kuifuata ile video, mchoro mmoja baada ya mwingine, mpaka chai aliyoletewa ikaota ngozi juu. Fatu alisubiri kwenye benchi, amechoka, hana imani.

"Njoo uone," Mugeta alisema.

Kwenye kioo palikuwa peupe, na mistari myeusi. Mistari ikasimama. Ikatembea. Kichwa kimetangulia kidogo, hatua fupi za haraka, na mkono wa kushoto umeachwa nyuma, kiganja wazi, kama wa mtu anayemvuta mwenzake asiyetaka kuja.

Fatu alisogeza uso kwenye kioo. Mwendo ule alikuwa ameshauona. Aliuona siku ile Bi Tausi alipotoka uani kwake Bunda na mkoba wake, bila kugeuka. Alikuwa akiishi na Hasna kila siku, akimwogesha, akimshonea, wala hakuwahi kuugundua, kwa sababu kila alipomtazama mtoto wake, macho yalikuwa yakiishia kwenye ngozi, kama ya watu wengine wote. Na mtoto hajawahi kumwona bibi huyo akitembea. Nani alimfundisha? "Mungu ni mkubwa," alisema kwa sauti, na Mugeta, ambaye hakuelewa kimetokea nini, akaitikia amina.

Alimwomba amrushie kipande hicho kwenye simu. Walipofika Kiabakari wakirudi, badala ya kuendelea Bunda, Fatu alimshusha mtoto wakachukua pikipiki ya Butiama. Njia nzima alikuwa akiwaza. Bibi akitazama akasema tena kwetu hatuna huyu, safari hii Hasna angesikia na kuelewa, na neno hilo lisingefutika maisha. Lakini hakumwambia dereva ageuze.

Bi Tausi alikuwa uani anageuza mihogo juani. Alimwona Fatu, akamwona na mtoto chini ya kofia, akarudisha macho kwenye mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jabiri yuko wapi?"

"Yupo kazini. Kuna kitu nimekuletea uone."

Hasna naye aliamkia, kwa adabu zote. Bi Tausi aliitikia akiitazama mihogo. Fatu alimwacha mtoto kwenye kivuli cha jiko, akachuchumaa karibu na mkwewe, akamshikia simu. Hakusema ni nani. Mistari ilisimama, ikatembea, ikaisha.

Bi Tausi alifuta mikono kwenye kanga, akaichukua simu mwenyewe. "Irudishe mwanzo."

Fatu akairudisha. Mistari ikatembea tena. Bi Tausi aliisogeza simu karibu na macho.

"Nani kamchora mama yangu?"

Fatu alikuwa amemwona Bi Tausi mwenyewe katika mistari ile. Hakujua kwamba mwendo wenyewe ulitoka mbali zaidi.

"Alikuwaga anatembea hivi hivi," Bi Tausi alisema, machozi yakishuka bila kufutwa. "Mkono nyuma. Mimi ndio nilikuwa naushikaga, nilikuwa mvivu wa kutembea. Amekufa hatuna hata picha moja yake. Hata moja, Fatu! Sura yenyewe imeanza kunipotea. Huyo mchoraji alimwona wapi?"

"Hakumwona, mama. Amemchora Hasna."

Kuku walikuwa wanadonoa mihogo na hakuna aliyewafukuza. Bi Tausi aligeuka taratibu kuelekea jikoni.

"We mtoto," aliita. "Nenda pale kwenye pipa la maji, urudi."

Hasna alimtazama mama yake, kisha akaenda. Kofia pana, gauni la maua, ngozi nyeupe, na ndani ya hayo yote mtu aliyekufa zamani anatembea. Bi Tausi alisimama, magoti yakilia. "Nenda tena," alisema. "Polepole." Hasna akaenda, akarudi. Kila aliporudi bibi alikuwa amesogea karibu zaidi, mpaka pakawa hapana tena pa kutembea, mtoto akajikuta kifuani kwake, kofia imeanguka, kanga ya bibi imemkinga na jua.

"Nimemkataa mama yangu," Bi Tausi alisema juu ya zile nywele. "Mimi Tausi. Mama yangu amekuja mpaka nyumbani kwa mwanangu, mimi nikamfunika nikaondoka."

Fatu alikuwa na maneno mengi aliyomtunzia mkwewe, makali, yamepangwa vizuri. Aliyaacha yapite. Alisikia hofu, ile hofu isiyo na ubaya inayomshika mtu akisimama mbele ya jambo kubwa kuliko yeye, na akakaa pale chini kando ya mihogo, akaanza kuwafukuza kuku.

Ilipofika saa ya kuaga, hakuna aliyeagwa. Bi Tausi alikuwa ameshaagiza kuku achinjwe na ameshampigia Jabiri simu kumwambia watu wake hawarudi leo. Wali ukiwa jikoni, na Hasna amekaa karibu ya bibi akipepeta mchele wa kesho kwa namna ya kuumwaga zaidi kuliko kuupepeta, Bi Tausi aliuliza huyo kijana wa Musoma kazi yake imebaki nini. Fatu akamweleza: mwendo ameshaupata, ni ule ule wa Bi Tausi mwenyewe; imebaki rangi. Kila akimpaka mtoto weupe watu wanasema mzungu, ndiyo maana anasitasita. Pengine atampaka ukahawia kidogo, watazamaji wamwelewe.

Bi Tausi alinyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Huwa mnabonyezaga wapi kumsemesha mtu?"

Fatu alimbonyezea pa kurekodi sauti, akamsogezea mdomoni.

"Kijana Mugeta," Bi Tausi alisema kwa nguvu zake zote, kana kwamba Musoma ni ng'ambo ya mto, "mimi bibi yake Hasna, wa Butiama. Mjukuu wangu mpake rangi yake. Yake mwenyewe, ngozi na nywele, usinipunguzie hata kidogo. Na mtu akimwangalia akasema huyo mzungu, mlete hapa kwangu aniangalie mimi nikitembea."