Bibi Anayekaa Kutwa

Saa ya mkononi, ya kuhesabu mwendo, ilisema bibi yangu, Eduviges, hutembea hatua mia mbili kwa siku. Mia mbili! Paka wetu, mvivu wa kuzaliwa, angemzidi kabla ya chai.

Saa yenyewe ilitoka kwa watafiti waliokuja parokiani kwetu, upande wa magharibi wa San Antonio. Walitaka kujua kama shughuli nyepesi, si mbio wala kunyanyua vyuma, zinawalindia akili wazee wetu wa Kimeksiko. Shangazi Herlinda ndiye aliyemwandikisha Bibi, na hesabu zote zikawa zinaingia kwenye simu ya shangazi mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kunusa kitu. Huyu shangazi alikuwa hajawahi kuuliza hata habari za goti la mamake.

Jumamosi akaja na sanduku tupu.

"Mama, unakaa kutwa. Akili inaganda. Nimekupatia chumba kwenye nyumba ya wazee."

Bibi aliinuka, akaenda jikoni kuchagua maharage. Nikamfuata, jicho mkononi mwake. Saa inang'aa kama ya bwana harusi. Mtu anayekanda unga wa chapati za tortilla kila siku, saa yake haina hata chembe?

"Bibi, hii saa huwa unaivua?"

"Naivua nikianza kazi, naivaa nikikaa," akaninong'oneza. "Herlinda alinikataza kufagia nje tangu nilipoanguka. Unadhani nitashika ufagio na mpelelezi wake mkononi?"

Nikashika kichwa. "Bibi wee, umejichongea mwenyewe! Mwambie, au atakuhamisha!"

Akanikazia macho kana kwamba na mimi nimetumwa. Kisha akarudi sebuleni.

"Nafagia," akamwambia binti yake. "Kila asubuhi, kutoka mlangoni kwangu mpaka duka la mikate."

Shangazi akacheka. "Nyumba kumi na moja, kwa goti hilo? Haya, ameanza kubuni mambo."

"Sawa. Kwa akina Treviño, Jumatatu nimeokota makopo sita ya bia, na mume anajifanya kaokoka. Mlango wa pili, manyoya ya kuku. Kwa Odilia, vishungi vya sigara vya aina mbili, na mwenyewe anavuta aina moja tu."

Nikauma shati nisicheke. Akaenda hivyo mlango kwa mlango, siku kwa siku, bila kukwama. Alipofika nyumba ya nane, Shangazi alikuwa ameshakaa kitako.

"Na Jumanne," Bibi akasema, "nimeinama nyuma ya gari la Odilia, nikakuona na bwana mmoja aliyevaa tai. Anapima uzio wangu. Ukamwambia nyumba itakuwa tupu, tayari kuuzwa, kabla ya Pasaka."

Shangazi akalivuta sanduku karibu. "Mama, nilitaka tu..."

"Sema polepole. Nitakumbuka kila neno."

Shangazi alibeba sanduku lake akatoka, na Bibi akasimama mlangoni mpaka gari likakata kona. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, ulikuwa unajua?"

Nikaapa kwa watakatifu wote waliotundikwa ukutani. Akanyoosha mkono.

"Nionyeshe simu yako."