Gari Lililokuwa Likifikiria

Baba alipofariki alimwachia binti yake mshonaji vitu viwili: kidevu kilichochongoka, na gari la mbio la viti viwili, la buluu iliyopauka, lenye tabia ya kufikiria kabla ya kwenda. Ukikanyaga mafuta halikujibu hapo hapo. Lilinyamaza kidogo, likavuta pumzi, ndipo likaondoka. "Ngoja," baba alikuwa akisema, kiwiko nje ya dirisha, "linafikiria." Marafiki zake walimcheka mpaka wakachoka. Gari la mbio gani hilo linapitwa na lori la mchanga? Naye alicheka pamoja nao, ila fundi hakuruhusiwa kuligusa hata kwa kidole.

Sasa binti ndiye aliyekaa kwenye kiti kile, na ndani ya ukimya ule mdogo, kati ya mguu wake na mwendo wa gari, ndimo alimokuwa akikutana na baba yake. Akikanyaga tu, dunia ilisimama. Taa za barabarani zilielea, sauti za watu zikaenda mbali, harufu ya sabuni ya kunyolea ikapanda kutoka kwenye ngozi ya viti, na karibu na sikio lake mtu akasema ngoja. Kisha gari liliondoka na baba akabaki nyuma. Siku nzima, akipinda mashela ya maharusi, aliutamani ukimya huo. Cherehani yake haikuwa na ndoto yoyote. Ukiigusa tu, mbio.

Lakini ndoto haina adabu barabarani. Alasiri moja alikuwa akiingia barabara kuu, mama yake ameketi kando, lori bado liko mbali. Akakanyaga. Gari likafikiria. Naye, badala ya kuangalia lori, akamsikiliza baba. Honi iliyofuata ilitaka kuwatoa roho. Lori liliwakosa padogo sana, dereva wake akimwaga maneno ambayo hayaandikiki, na mama akabaki ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

Kesho yake wakaenda gereji. Fundi wa pale aliitwa Polepole, maana maisha yake yote aliuza mwendo huku mwenyewe akitembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni.

"Dawa yake ipo," alisema, akipangusa mikono. "Nakufungia kabureta mpya na waya mpya wa mafuta. Utagusa tu, limeshafika."

"Na halitafikiria tena?"

"Gari lifikirie nini, dada? Kufikiria ni kazi yako."

Mama alicheka. Binti hakucheka. Alitaka kusema kwamba wakimwondolea ukimya ule watakuwa wamemzika baba yake mara ya pili, na ya kwanza bado hajaimaliza. Badala yake akasema, "Subiri kwanza. Nitafikiria."

"Ehe, mmeambukizana!" Polepole alisema.

"Mama, wewe unasemaje?"

"Mimi jana nimeliona kaburi, mwanangu. Lakini gari ni lako."

Polepole akaomba walau aliangalie. Akajilaza chali chini ya dashibodi, miguu nje, tochi mdomoni, akihema. Kisha akaitoa tochi, akasema, "Hee! Nani alifanya hivi?"

Kati ya pedeli na kichwa cha waya palikuwa na kipande cha mpira, kimefungwa kwa uzi wa shaba, kwa utulivu na ustadi. Mguu uliukandamiza mpira kwanza, ndipo waya ukavutwa. "Gari hili haliumwi," alisema, na ilionekana kumsikitisha. "Limezuiwa makusudi. Kabureta yake nzima kabisa. Sina hata cha kuwauzia."

Akawapa mpira ule. Ulikuwa wa kijani, umekauka pembeni, na juu yake nusu ya ua la njano. Mama akaunyakua.

"Ndala yangu!"

"Ndala gani, mama?"

"Nilikuwa na mimba yako," mama alisema. "Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na hili gari lilikuwa likiruka, linakupigiza mgongo kwenye kiti. Nikaapa sipandi tena. Siku moja akanibembeleza, nikapanda, likaenda kama maji. Nikamuuliza limekuwaje? Akasema limezeeka, siku hizi linafikiria." Akaugeuza mpira kiganjani. "Na ndala niliitafuta! Nikagombana na jirani, nikasema mbwa wake ndiye mwizi. Baba yako amesimama pale pale, ananiunga mkono!"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea bila kicheko.

Binti alimwona baba yake, kijana, amelala chali pale alipolala Polepole, akikaza uzi wa shaba kwa ajili ya mtu asiyekuwa hata na jina bado. Miaka yote hiyo alikubali kuchekwa. Naye binti akampenda upya.

"Urudishe, fundi," alisema. "Uweke kama ulivyokuwa."

Mama akamshika mkono. "Mpira uliwekwa ili wewe usitikisike tumboni, basi. Baba yako alikuwa anakungoja wewe. Umeshazaliwa, mwanangu. Tena mvi hizo zinachungulia."

Polepole alikaa na koleo mkononi, akimtazama mmoja, kisha mwingine. Binti akauchukua mpira, akautia kwenye mfuko anamoweka chaki ya kuchorea vitambaa. Akatikisa kichwa kukubali. Polepole akaufunga waya moja kwa moja kwenye pedeli, na mama akaingia garini bila kuambiwa, akausukuma mkoba chini ya kiti.

Binti akakanyaga. Kwa mazoea akatega sikio.

Gari halikungoja. Liliruka kutoka langoni, likawabandika migongo vitini, na watu kando ya barabara wakageuka wote. Hakuna aliyesema ngoja. Mama ndiye aliyepiga ukelele, na haukuwa wa hofu hata kidogo.

"Ndiye huyo!" alisema, mtandio umemvuka, meno yote nje. "Ndiye huyo baba yako, siku ya kwanza aliponipakia!"

Binti hakuwahi kukutana na kijana huyo. Akakanyaga tena.