Chumba Alichokiona Dirishani

Msusi alishusha begi mlangoni, mtoto mgongoni, wifi yake akimfuata na godoro kichwani. Kabla hajabisha hodi, mama mmoja akafungua, mwiko mkononi.

"Mnamtafuta nani?"

"Tunahamia," msusi alisema. "Dalali amenipangisha chumba hiki."

"Yule wa kofia? Umeliwa, mdogo wangu. Hapa nakaa mimi, na sihami."

Wifi akageuka taratibu chini ya godoro. "Si ulisema umekikagua?"

Msusi alitamani ardhi immeze. Alikuwa amechungulia dirishani tu. Dalali alisema ufunguo uko kwa mwenye nyumba, na zile sufuria ndani ni za mpangaji anayehama. Mtu mstaarabu vile, aliyembembelezea mpaka mtoto, angeanzaje kumwonyesha kwamba hamwamini? Akalipa kodi, akaja kumtambia wifi kwamba amepata kwake.

"Sikuingia ndani, wifi," alisema, macho kwenye kandambili zake. "Niliona haya kuomba."

"Haya!" Wifi alicheka bila ubaya, na hilo likamuuma zaidi. "Beba begi. Tunapitia polisi kwanza, na maelezo utayatoa mwenyewe, hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."