Rangi ya Majani Mapya

...na ndoo bado ameiinamisha, maji hayajaisha kumwagika, fundi Kisu keshachuchumaa penye shina, anakwangua gome kwa ukucha, anasema nini huyu, eti kikonyo kikavu, kikavu vipi wakati mwembe wenyewe umemfika kifuani na majani yamesongamana kama nywele za mtoto anayekimbia kitana, miezi minane ya ndoo mbili kila asubuhi, samadi, majivu ya kufukuza mchwa, digrii mbili kabatini na mikono inanuka zizi, wala hakulazimishwa, aliacha kazi mwenyewe kiharusi kilipomlaza mama, akawaambia kaka zake msihangaike, na wao, Mungu awazidishie, hawakuhangaika...

"Dada msomi, unanisikia?" Kisu alifundishwa na mama kubebesha miembe, kuunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, kabla hajaota ndevu, sasa ndevu zina mvi na bado anamwogopa, "kiungo ndicho hiki, hapa ndipo mama alipofunga kikonyo chake," na kidole kinagusa kovu, viganja viwili tu kutoka udongoni, juu ya kovu kuna kijiti kimoja cheusi, chembamba kama penseli, kile kile ambacho yeye hukitundikia kitambaa cha kufutia mikono, "haya mabichi yote yametoka chini ya kiungo, hili ni shina la embe la nyuzi, ulitakiwa uyakate yakiwa urefu wa kidole, umelea mtoto wa jirani, dada, wako kafa njaa mlangoni," anacheka, kisha anaacha, ameuona uso wake... yakiwa urefu wa kidole, ndiyo, mama alimwambia, ulimi mzito lakini alimwambia, yanayotoka chini ya kovu yaondoe, naye akaja na mkasi, akayashika, laini kama masikio ya paka, akashindwa, kwenye nyumba yenye mgonjwa hakikatwi kinachochipua, upuuzi mtupu, wanafunzi wake wangemwandikia hivyo angewapa sifuri, na kikonyo kile kilitoka kwenye mwembe wa bibi, uliong'olewa kupisha barabara, hakuna kingine duniani, kilikuwa hiki, na yeye amekitundikia kitambaa...

"Mwanangu..." dirishani, sauti inayoburuta mguu kama mwenyewe alivyoburuta siku ile ya kiharusi, kitanda kiko chini ya dirisha lakini kimeelekea ukutani, mama hauoni mwembe, ndiyo maana huuliza, kila asubuhi swali lile lile, "majani mapya... yana rangi gani leo?" na kila asubuhi yeye hujibu kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani, ya kijani, mama, kijani kibichi! mbona leo jibu halitoki, limekwama wapi, "Kisu," ananong'ona, "mwembe wa bibi ukichipua majani yanakuwaje?"

"Mekundu. Kama ini. Ya huu wa nyuzi ndiyo hutoka kijani. Hilo hata mbuzi analijua."

"Wewe nani alikwambia?"

"Si huyo huyo mama."

Si huyo huyo mama... basi asubuhi ile ya kwanza, alipopaza sauti kusema ya kijani! na ndani kukawa kimya, kimya kirefu mpaka akadhani amelala, kisha, "Haya. Mwagilia"... asubuhi ile mama aliuzika mwembe wa bibi peke yake, uso ukutani, bila mtu wa kumpa pole, na kesho yake akauliza tena, labda kikonyo kimeamka, na kesho kutwa, mpaka lini aliendelea kutumaini na lini alianza kuuliza tu ili mtoto apate kitu cha kujibu, asiyejua maana haambiwi maana, na ile miguu, Mungu wangu, ile miguu anayoikanda kila jioni kwa mafuta ya moto, unasikia, mama? nasikia, mwanangu, utatembea, mama, haya, mwanangu, kwa sauti ile ile, haya ile ile, ni nani kati yao alikuwa akimuuguza mwenzake...

"Nikate nini sasa?" Kisu ameshatoa kisu chake, kisha anaona aibu nacho, "nikate, au?"

"Mwanangu? Hujaniambia..."

Ndoo bado imeinama, maji yanachuruzika pale pale yalipokuwa yakichuruzika, anakitoa kitambaa juu ya kile kijiti cheusi, taratibu, kama anamvua mtu kofia, hajui akiweke wapi, anakibana kwapani.

"Ya kijani, mama."

Kimya kile.

"Haya," mama anasema. "Mwagilia."