Esteri Ajifunza Kusoma

Darasa la kisomo la kijiji cha Titye lilianza saa tisa alasiri, watu wakitoka shamba, majembe yameegemezwa ukutani. Mwaka huo, 1976, walisoma riwaya iliyosifiwa nchi nzima, ya watu waliohamia kijiji kipya. Mwalimu Hilali, mtoto wa muuza duka wa Kasulu mjini, aliipenda kwelikweli. Ukurasa wa mwisho ulimtoa machozi kila mara, wala hakuona haya.

Siku moja, mwalimu alipofika mahali wahamaji wanapoondoka wakiimba, bila kuacha kitu nyuma, Esteri aliingia. Alikuwa amefariki mwaka wa sabini, na kaburi lake lilibaki kwenye migomba kule Kitanga, kijiji chao cha zamani, familia ilipohamishiwa Titye. Miguu yake ilikuwa na matope mekundu. Alipiga makofi taratibu, akasalimia mmoja mmoja, "Mwidiwe," na darasa likangoja, maana mtu mzima hakatizwi salamu. Kisha akaketi kando ya bintiye, Kezia. Mwalimu akamwandika kwenye daftari la mahudhurio, akafurahi kwamba darasa linakua.

"Sifa za kitabu hiki ni za bure," Kezia alisema. "Sisi tuliacha. Huyu hapa."

"Dada Kezia, riwaya si ripoti ya katibu kata," mwalimu alijibu. "Sikiliza maneno yalivyopangwa. Hata mwenye huzuni akiyasoma anapata nguvu."

"Yamepangwa, Mwalimu, sikatai. Ndiyo maana watu wataamini."

Bazilio, aliyekaa nyuma, alisema kitabu ni kizuri, na yeye aliacha makaburi ya kaka zake wawili, na haoni kwa nini mambo hayo yagombane. Walibishana mpaka kila mtu akakumbuka kuni zake.

Esteri alikuja kila siku ya darasa, mwendo wa nusu siku kuja na nusu siku kurudi, kwa kuwa kijijini hakugawiwa kiwanja. Alishika herufi upesi kuliko walio hai. Hakuwa na shughuli nyingine.

Kezia alihitaji cheti cha kisomo. Zahanati ilitafuta mhudumu anayeweza kusoma majina ya dawa, naye alikuwa mjane mwenye watoto wanne na shamba la mawe. Swali la mwisho la mtihani lilisema: Eleza kwa nini riwaya hii inastahili sifa zake. Halikuuliza kama inastahili.

Alikaa na kalamu muda mrefu. Kisha akaandika kwamba inastahili kwa sababu inasema kweli, watu walihama kwa furaha na hawakumwacha mtu. Esteri akainama, kidole kikifuata maneno silabi kwa silabi, midomo ikicheza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma maneno ya mtu anayemjua.

"Mimi niko wapi humu, mwana wanje, mwanangu?"

Kezia akafunika karatasi kwa kiganja. "Hapakuwa na nafasi, mama."

Nafasi ilikuwepo, mistari sita mitupu, na Esteri aliiona. Akainuka, akashika njia ya Kitanga kabla ya muda kuisha.

Kezia aliwapita wote. Mwalimu alilisoma jibu lake mbele ya darasa liwe mfano, na riwaya ikapangwa kusomwa tena mwakani. Jumatatu Kezia alianza kazi zahanati, akasoma majina ya chupa zote bila kukosea. Alasiri alikwenda darasani, akasogea akaacha nafasi kwenye benchi. Hakuna aliyekuja kuketi.